Kapita wa Wafu

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya vilima vya Bihambwe wakati Akilimali alipotoka kuchukua batri ya salle yake ya video iliyokuwa inachajiwa kule senta, na mdomo wake ulikuwa kazini kama kawaida. Wamama waliotoka shambani aliwaigiza wanavyotembea na mizigo mgongoni. Akamtania muuza mafuta kwamba kichwa chake kinang'aa kuliko taa. Watu walicheka. Hapa Kibabi hakuna aliyethubutu kumkasirikia Akilimali hadharani, maana jioni angejikuta ndani ya filme, amegeuzwa jini ao mbuzi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa na salle ya video, kibanda cha mbao na mabati kilichobanana na nyumba yake, na kila jioni alikamata micro akatafsiri filme kwa Kiswahili. Kutafsiri! Mungu amsamehe. Zile katuni za Wajapani hakuelewa hata neno moja. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kifaransa, lakini yeye kusoma kwake kulikuwa kwa kukokota, na maandishi yalikuwa yanakimbia. Basi alitunga. Na alitunga vizuri, tusimnyime haki yake.

Msimu ule filme iliyowashika watu ilikuwa ya mchawi mmoja kijana, mwembamba, nywele nyeupe, joho jeusi. Anasimama juu ya makaburi, anaita wafu kwa majina, nao wanatoka udongoni kwenda kumpigania. Akilimali alimbatiza Kapita, kama yule msimamizi wa wachimbaji madini anayesimama juu ya shimo akipiga kelele huku wenzake wako chini. Na kwa kuwa filme haina utamu bila watu unaowajua, akaanza kuwapa wale wafu wa katuni majina ya wafu wetu. Ya wale vijana waliofunikwa na udongo ndani ya shimo wakati wa mvua, tukawazika pamoja kwenye kilima juu ya kanisa.

"Edmond wa Drocella! Simama! Ulifikiri kufa ni kongé ya kupumzika? Kazi iko huku!"

Salle nzima ilivunjika mbavu.

Mwisho wa kila sehemu, Kapita aliinama, akaweka mkono juu ya kichwa cha kila mfu, akatamka neno fupi, polepole. Hapo muziki ulikuwa umeshuka na watu walikuwa wanatafuta viatu vyao, kwa hiyo Akilimali hakujisumbua. Alipiga kelele tu kwenye micro: "Kesho tena!"

Kila jioni hivyo. Kesho tena.

Sasa, alipokuwa anarudi na batri yake kichwani, alimkuta Drocella, mjane wa yule Edmond, amesimama pembeni ya njia, chini ya shamba lake la maharagwe. Yule mjane alimpa mikono yote miwili.

"Papa Akili, aksanti."

"Aksanti ya nini, Mama?"

Drocella alitazama nyuma. Akashusha sauti.

"Edmond alirudia nyumbani."

Akilimali alisubiri acheke. Hakucheka.

"Tangu ulianza kumuita mu filme. Hakuli. Hasemi mingi. Anauliza tu kazi iko wapi. Namuonyesha shamba, analima."

Akilimali alifungua mdomo atupe neno la mzaha, akaishia kutega sikio. Kwa sababu alisikia.

Ko... ko... ko...

Jembe. Juu kwenye mteremko, mtu aliinama amewapa mgongo, analima gizani bila kupumzika. Upepo ulishuka na harufu. Siyo ya shamba. Ilikuwa harufu ya udongo wa chini kabisa, ule usioonaga jua.

Jembe likanyamaza.

Yule mtu hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti iliyojaa mchanga:

"Kapita..."

"Usimutume kulala, Papa Akili," Drocella alinong'ona. "Nakuomba. Muniachie yeye."

Akilimali alikimbia, batri kichwani, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope.

Na hakukimbia kwa sababu ya Edmond peke yake. Alikimbia kwa sababu alimkumbuka Françoise.

Françoise ni bibi yake, mke wake. Mwalimu wa shule ya primaire, mtoto wa kijiji cha Mpofi, kule Walikale alikotoka Akilimali pia. Siku chache nyuma walikuwa wamegombana nyumbani, kisha jioni akaingia salle kumletea ufunguo, na Kapita alikuwa ndio anainua mkono kwenye kioo cha écran. Akilimali, hasira bado iko shingoni, akasema kwenye micro: "Na wewe Françoise wa Mpofi, tumbo kavu, simama na wenzako wafu! Hata huko kazi iko!" Watu walicheka mpaka benchi zikalia. Françoise alisimama kidogo pale mlangoni na ufunguo mkononi. Kisha akauweka juu ya meza akaondoka.

Wapendwa, kuna maneno hayaendi kulala.

Alimkuta uani, anafagia. Alikuwa amefagia mpaka mawe yametoka, na bado anafagia. Giza lilikuwa limeingia na taa hakuwasha.

"Françoise."

"Kazi iko wapi?"

"Acha mchezo."

Alimkamata mkono. Ulikuwa baridi, na chini ya kucha kulikuwa na udongo mwekundu. Françoise alitikisa kichwa, kama anayejiamsha kwa nguvu.

"Akili, ulinihesabia pamoja nao. Muchana niko mimi. Jua likishuka nasikia kama muntu ananivuta chini na kamba." Meno yake yalikuwa yanagongana. "Babu yako kule Mpofi alikatazaga kuita jina la muntu mu pori jioni. Alisema watu wa ukoo wenu muko na sauti, vyenye viko chini vinaisikia. Ulimuchekaga."

"Nitafanya nini?"

Harufu ilikuwa imefika.

Kisha miguu. Ta... ta... ta... Walisimama nje ya uzio, mabega yamegusana, Edmond na wachimbaji wote aliowaita. Udongo ulikuwa umejaa ndani ya macho yao. Na walikuwa wanamwona.

"Kapita. Kazi iko wapi?"

"Maji!" Akilimali alipiga kelele. "Muende kuchota maji!"

Walienda. Walirudi upesi mno. Pipa likajaa, wakaendelea kumwaga mpaka uani pakawa ziwa.

"Kuni!"

Walivunja uzio wote, wakaukata vipande kwa mikono yao.

"Kapita. Kazi iko wapi?"

Hakuwa na kazi tena. Mtu aliyezoea kumtuma bibi yake kila kitu, yeye mwenyewe hata hakujua ndani ya nyumba kuna kazi gani. Basi wakafanya ile waliyoijua tangu wakiwa hai. Walipiga magoti kwenye ukuta wa nyumba yake, wakaanza kuchimba kwa vidole. Ukuta ulilia. Bati moja lilianguka. Na Françoise akaweka ufagio chini, akaenda kupiga magoti katikati yao, akachimba.

Hapo Akilimali aliogopa kweli. Alimwona bibi yake, kitenge chake kichwani, anakwaruza mawe mpaka kucha inang'oka, na uso wake hauna maumivu. Alimpenda wakati ule kuliko siku aliyomwoa, na nawaambia hivyo kwa sababu ni kweli. Alimshika kiunoni akamvuta mpaka ndani ya salle.

"Françoise! Usiniache! Niambie nifanye nini!"

Macho yake yalirudi, kidogo.

"Weka filme," alisema. "Fasi yenye unasemaga kesho tena. Nikusomee."

Akilimali aliwasha ordinateur, ile kompyuta ya salle. Écran ikawaka. Kapita akainama, akaweka mkono juu ya kichwa cha mfu, na maandishi yakatokea chini. Françoise aliyasoma kwa ile sauti yake ya darasani.

"*Rentre chez toi.*"

Alicheka, bila furaha.

"Rudi kwenu. Akili, kumbe neno unalijua. Umeniambiaga mara ngapi?"

Kweli. Chakula kikichelewa, rudi kwenu. Mwezi ukipita bila mimba, rudi kwenu. Akishindwa maneno na bibi yake mbele ya rafiki zake, rudi kwenu Mpofi, watu wako walinidanganya. Neno lilikuwa limelala mdomoni mwake miaka yote.

"Sikia muzuri," Françoise alisema, akimkamata shavu kwa mkono wake wa baridi. "Wale kwao ni udongo. Wataenda kulala. Lakini mimi niliitwa niko muzima. Nikiambiwa kwenu, sijui nitapokelewa wapi. Mimi uniambie: rudi kwetu. Hapa. Na wewe. Umesikia?"

"Kwetu," alisema Akilimali, analia.

"Rudilia."

"Kwetu. Kwetu, bibi yangu."

Nje ukuta ulipasuka. Macho ya Françoise yakajifunga kama mlango. Alimponyoka, akarudi kuchimba.

Akilimali alianza na Edmond. Drocella alikuwa amemfuata mume wake, amemng'ang'ania shati.

"Huyu umuache! Huyu iko na bibi! Iko na kazi!"

Aliweka mkono juu ya kile kichwa. Nywele zilikuwa zimelowa, baridi kama chura.

"Edmond, rudi kwenu."

Edmond alipumua, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Shati likabaki mikononi mwa Drocella, limejaa udongo mtupu. Yule mama alilia mlio ambao tuliusikia mpaka huku kwetu, na hakuna aliyetoka kuuliza.

Neno lilikuwa linafanya kazi! Akilimali alienda kwa wa pili, wa tatu. Na maskini, ndiyo tabia ya mdomo, ukiona unasikilizwa unapata furaha. Sauti ilipanda. Sauti ya salle ilirudi, ile inayoimba.

"Nsengimana, rudi kwenu! Hakorimana, rudi kwenu! Twizeyimana, rudi kwenu!"

Pff... pff... Walimwagika mmoja mmoja kama magunia yaliyopasuka. Alitembea ukutani akiwagusa, haraka, haraka zaidi, jasho linatiririka, anacheka na kulia, rudi kwenu, rudi kwenu, mpaka akafika kwa wa mwisho, aliyeinama bado anachimba, kitenge kichwani. Akaweka mkono.

"Françoise, rudi kwenu!"

Kimya.

Hata vyura walinyamaza.

Françoise aliinua uso. Alimtazama hivyo, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyefundishwa jibu asubuhi na mchana amelikosa.

"Akili," alisema.

Akasimama. Akapangusa magoti. Akatafuta kandambili zake kwenye maji, akavaa, akapita pale uzio ulipokuwa.

"Kwetu!" Akilimali alipiga kelele. "Kwetu! Nilisema kwetu! Françoise, kwetu!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Alimkimbilia mpaka njiani, na njia ilikuwa tupu pande zote mbili.

Kulipokucha alipigia simu Mpofi, kwa Floribert, kaka ya Françoise.

"Shemeji, Françoise amefika?"

"Afike kwa miguu gani, usiku moja?" Floribert alisema. "Ulimufukuza tena?"

Akilimali alikata simu. Alipanda mpaka juu ya kanisa, kwenye makaburi. Vijana walikuwa wamelala kwao, nyasi juu yao haijaguswa. Pembeni yao kulikuwa na kaburi jipya ambalo hakuna mtu wa Kibabi aliyelichimba, udongo wake umesawazishwa vizuri kwa mikono. Mbele yake kulikuwa na kandambili, zimepangwa sawasawa, kama mtu anavyoziacha mlangoni akiingia nyumbani kwake.

Salle ilifungwa. Haya yote tuliyapata kwa Drocella, na mengine kwa Akilimali mwenyewe siku ile ya kwanza, kabla hajanyamaza. Pasteur alikuja kumwombea, akamkuta amekaa na kiganja juu ya mdomo. Tulimhurumia. Wengine walisema mdomo uliponza kichwa, lakini kichwa cha Akilimali kilikuwa pale pale juu ya shingo yake. Kilichopotea kilikuwa cha mwingine.

Halafu jioni moja waliokuwa wanarudisha mbuzi walisikia sauti juu ya kanisa. Ile sauti ya micro, bila micro.

"Françoise... simama."

Tangu siku hiyo, jua likishuka, kinu kinaanza kwa Akilimali. Tu... tu... tu... Mtu anatwanga sombe, majani ya muhogo. Anatwanga mpaka jogoo, bila kubadilisha mkono, na asubuhi hakuna anayeona moshi wa kupika. Drocella anaenda kusimama pale kila jioni na jembe la Edmond begani, anagonga mbao.

"Papa Akili, na mimi uniitie wangu."

Hafunguliwi. Jana nilipita karibu, nikasimama, Mungu anisamehe. Kinu kilikuwa kimenyamaza kidogo. Ndani, sauti iliyojaa mchanga ilikuwa inauliza kitu, na Akilimali akajibu haraka, kwa upole, anabembeleza:

"Twanga tu, bibi yangu. Bado haijalainika."