Dakika Hamsini na Tano

Mzee Halake alikutwa kifudifudi uani kwake, mtaa wa Wabera mjini Isiolo, saa tatu kasoro robo asubuhi, kichwa kimepasuliwa kwa mchi. Aliyemkuta ni Akal, mchungaji wa mifugo yake. Alimwinua, akalowa damu, na majirani walipofika wakamkamata yeye. Shamis wa nyumba ya pili alisema alisikia ukelele saa mbili na nusu hivi.

Inspekta Tiya alikuwa na maiti ya tatu tangu Jumatatu. Miguu ilimvimba ndani ya viatu. Mkubwa wake alitaka Akal afikishwe kortini kesho yake, mambo yaishe, na kwa uchovu alionao Tiya alikaribia kukubali.

Ilibaki taarifa ya Yahye, mpwa wa marehemu.

"Pole sana. Saa mbili na nusu ulikuwa wapi?"

"Hewani, afande. Ndege iliondoka Wajir saa moja kamili. Binamu yangu Hamse akanichukua uwanjani saa tatu."

Hamse aliitikia kwa kichwa. "Nilimkuta getini na begi lake."

Tiya aliandika, kisha kalamu ikasita. Mwezi uliopita alimsindikiza mshukiwa kwa ndege kutoka Wajir hadi Isiolo. Ni kilomita mia tatu na ushee, na hawakumaliza saa moja na robo. Safari ya Yahye ilikuwa imechukua saa mbili.

Alipiga simu uwanjani. Ndege ilitoka Wajir kwa wakati, ikatua saa mbili na dakika tano. Alishusha pumzi, akajikokota hadi kwa waendesha boda wa getini, akawauliza mmoja mmoja. Wa saba, Jonah, alikumbuka.

"Wa begi jeusi? Nilimpeleka Wabera. Akaniambia ningoje kona ya msikiti. Aliporudi alikuwa amebadilisha shati, nikamrudisha hapa getini."

Alasiri Tiya aliketi tena mbele ya Yahye.

"Kutoka kutua mpaka Hamse kukuona ni dakika hamsini na tano. Zilienda wapi?"

"Nilingoja mzigo."

"Jonah wa boda yuko hapo nje. Nimwite?"

Yahye aliinamisha kichwa.

"Yule mama aliyegongwa kule Leparua mwezi uliopita," alisema mwishowe. "Ni lori langu. Nilikuwa usukani, nikakimbia. Mjomba alijua. Alisema leo asubuhi anakuja kwenu."

"Kukushtaki?"

"Kunileta. Alisema tutakuja pamoja, atanishika mkono. Nilimsihi. Akawa anavaa kofia yake tu, tayari kwenda."

Tiya alimfunga pingu. Kisha akamfungulia Akal mlango wa seli.

"Nenda, baba. Tumempata aliyefanya."

Akal hakuuliza ni nani. "Mzee wameshamwosha?"

"Bado."

"Basi niende makaburini. Ardhi ya huko ni ngumu, na mimi ndiye najua kuichimba."

Akashika njia, mikono yake ingali na damu iliyokauka.