Sketi ya Mapengo

Fundi alikuwa na cherehani moja na nguo za watu zilizojaa mpaka kwenye kiti cha wageni. Kila asubuhi wateja walifika. Kila asubuhi aliwaambia, "Njoo kesho." Mafundi wote husema kesho, tunawajua. Lakini fundi huyu alikuwa kweli hawezi kushona.

Kila alipokanyaga cherehani, ikaanza kulia ta-ta-ta-ta, binti yake alipiga ukelele na kujificha chini ya meza ya kukatia.

Binti huyo waliyemwita Kidoti alikuwa darasa la tatu. Mwezi uliopita, mtu mwenye bunduki aliingia shuleni kwao. Alimuua mwalimu. Alimuua na Mapengo, mtoto aliyekaa dawati moja na Kidoti. Kidoti alikimbia nje bila kugeuka nyuma. Hakumwona rafiki yake akianguka.

"Msimwambie," alisema shangazi yake Kidoti. "Mtoto mdogo huyu! Mwambieni Mapengo kahama shule." Baba akakubali. Fundi, mama yake, naye akakubali.

Tangu hapo Kidoti alikojoa kitandani. Shule hataki. Chakula hataki. Na wageni nao, jamani! Walikaa wakauliza, "Hebu mtoto, tueleze, ilikuwaje?" Kisha wakaondoka na habari ya kupeleka nyumba ya pili. Fundi alikuwa amechoka, amechoka kabisa.

Siku moja jirani yake, muuguzi wa kliniki ya watoto, alifuata gauni lake la kazi.

"Fundi, usiniambie kesho tena."

"Muulize huyo aliye chini ya meza!" fundi alifoka. Akainama. "Wewe, toka huko! Ni cherehani tu! Si umezaliwa umeikuta humu humu?"

Kidoti alijikunyata zaidi.

"Taratibu, fundi," alisema muuguzi. Akaketi sakafuni. "Hafanyi makusudi. Sauti hiyo inamrudisha siku ile. Mwili unadhani hatari imerudi. Hata mtu mzima hupatwa na hali hiyo."

Sauti ndogo ikatoka chini ya meza. "Mapengo kaninunia. Nilikimbia nikamwacha. Ndiyo maana kahama bila kuniaga. Hata sketi yake hajaja kuchukua."

Fundi akatupia jicho rundo la nguo. Sketi ya shule ya Mapengo ilikuwa pale pale, chini kabisa ya rundo, haijapindwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifukia. Akamvuta muuguzi nje.

"Nani kamwambia rafiki yake kahama?" muuguzi aliuliza.

"Sisi. Tulimwonea huruma."

"Najua. Lakini sasa anajiona mkosaji. Mwambie ukweli, kwa maneno mafupi. Sema 'amekufa.' Usiseme amelala, wala amesafiri. Mwambie si kosa lake. Akilia, mwache alie. Akiuliza tena kesho, mjibu tena. Wageni wasimhoji. Akitaka kusema mwenyewe, msikilize. Kisha mlete kliniki, tuna mshauri wa watoto."

"Rahisi kusema! Wewe unakwenda zako, mimi nabaki naye!"

"Si rahisi hata kidogo," alisema muuguzi. "Nitakaa hapa mlangoni. Lakini wewe ndiye mama yake."

Fundi akapiga moyo konde. Akatambaa chini ya meza, kati ya vipande vya vitambaa.

"Mwanangu, nilikudanganya. Mapengo hakuhama. Yule mtu alimpiga risasi. Mapengo amekufa."

Kidoti alimkodolea macho. "Kwa sababu nilimwacha?"

"Hapana. Mwenye kosa ni yule aliyeshika bunduki. Wewe ulikimbia, ukapona. Ulifanya sawa."

"Kwa nini mlinidanganya?" Kidoti alimpiga mama yake mapajani, akampiga tena, kisha akamwangukia kifuani. Walilia wote wawili, kwa sauti.

Jioni shangazi alikuja juu. "Mtamuua mtoto kwa majonzi!"

"Dada, tupumzishe," alisema baba. "Tumeshajaribu njia yako."

Kidoti hakupona kwa siku moja. Alikwenda kliniki na mama yake, wakarudi, wakaenda tena. Usiku mwingine bado alikojoa, lakini hakuna aliyemgombeza. Mteja mmoja alipoanza "hebu tueleze," fundi alimkatisha: "Huyu si redio." Mteja akachukua suruali yake, akaondoka na mdomo wake.

Mshauri aliwafundisha jambo dogo: cherehani isilie ghafla. Fundi aulize kwanza, na Kidoti ndiye aruhusu.

Siku ya kwanza muuguzi alikuwepo, amekuja tena kwa ajili ya gauni lake. Fundi aliliweka gauni chini ya sindano.

"Nianze?"

"Bado," alisema Kidoti. Akaenda kwenye rundo. Akachimbua mpaka chini kabisa, akatoa sketi. "Tuanze na ya Mapengo. Tumpelekee mama yake."

Fundi alimtazama muuguzi. Muuguzi alifuta macho, akachukua mkoba wake.

"Haya," alisema. "Mimi nitakuja kesho."

Fundi akaweka sketi chini ya sindano. Kidoti akashika gurudumu la cherehani kwa mikono miwili.

"Nianze?"

Kidoti alivuta pumzi. "Anza, mama. Pole pole."