Pumzi ya Kisauti

Sanamu lilikohoa asubuhi, wakati waya wake wa umeme ukiwa umekunjwa juu ya meza.

Mhandisi alikuwa peke yake maabara, kikombe cha chai mkononi. Sanamu hilo alilitengeneza mwenyewe: kifua cha mpira, koo la bomba, na mdomo uliotema moshi mwembamba ili watafiti waone kikohozi cha mgonjwa kinavyosafiri hewani. Lililazwa kitandani ndani ya chumba cha kioo kilichopangwa kama wodi, chenye kiti mlangoni na feni darini, na kwa mazoea waliliita Mzee Kifua.

"Mzee, umeanza utundu," Mhandisi akasema, akacheka. Kicheko kikamkauka. Kile kikohozi hakikuwa cha bomba. Kilikuwa kifupi na kikavu, cha mtu anayejizuia asisumbue wenzake, na Mhandisi alikifahamu. Kisauti ndiye aliyekuwa akikohoa hivyo, na Kisauti walikuwa wamemzika mwaka uliopita.

Maabara ile iliendeshwa na watu watatu. Profesa, mwanafizikia, alipiga hesabu za mwendo wa hewa. Mhandisi aliunda mashine. Bi Afya, daktari wa afya ya jamii, alifuatilia nani kaambukizwa kifua kikuu na nani kapona. Pamoja walikuwa wamebuni feni ya darini ya kufukuza hewa chafu wodini.

Kisauti alikuwa binti, mwanafunzi wa Profesa wa shahada ya uzamivu. Mama yake alifariki angali mchanga, akalelewa na Bi Afya, mama yake mdogo. Walimwita Kisauti kwa sababu alizungumza chini mno, mpaka umsogelee. Feni ya kwanza ilipofungwa wodini, yeye ndiye aliyekaa kando ya kitanda cha mlangoni akipima hewa, wiki nenda wiki rudi, mpaka akaanza kukohoa mwenyewe. Ugonjwa wake ulikataa dawa. Mazikoni Profesa alilia hadi akashikwa mabega. Baadaye feni ikasifiwa kila mahali, na sasa hospitali nyingine zilikuwa zikisubiri kufungiwa feni hiyo.

Bi Afya alipoingia, Mhandisi alimsimulia kwa sauti ya chini, akiona haya kidogo. Alitarajia kuchekwa. Bi Afya akatundika mkoba wake.

"Profesa ameshafika?" akauliza.

"Bado."

"Basi," akasema, akaenda kunawa mikono.

Siku zilizofuata ikaja harufu. Ilikuwa ya dawa ya kusafishia wodi iliyochanganyika na mafuta ya nywele, na ilimfuata Profesa kutoka ofisini hadi ukumbi wa mihadhara. Wanafunzi wa mbele walihama viti. Kisha sauti yake, ile sauti nzito aliyokuwa akijivunia, ikaanza kupungua, kama redio inayoishiwa betri. Alilaumu vumbi. Alilaumu kiyoyozi. Alikunywa maji ya moto kutwa nzima.

Mchana mmoja wingu zito lilifunika jua, na Profesa akaingia chumba cha kioo kurekebisha kipimo cha hewa kilichokuwa kando ya mlango. Mhandisi na Bi Afya walikuwa nje, mezani. Mlango ulijifunga taratibu.

Mzee Kifua akaanza kutema moshi.

"Zima hiyo," Profesa akasema kutoka ndani.

"Haijawashwa," Mhandisi akajibu.

Moshi ulipanda kuelekea kwenye feni ya darini kama ulivyotakiwa, lakini ulipofika juu haukutoka, ulipinda ukafuata ukuta, ukashuka polepole upande wa pili, ukarudi kwa chini hadi kwenye kiti cha mlangoni, mahali palepale ambapo wodini Kisauti alikuwa akiketi, na hapo ukajikusanya ukawa mzito, ukafanya magoti, ukafanya mabega yaliyoinama, ukafanya kichwa kilichofungwa kitambaa, nao ukanyoosha mkono ukamziba Profesa mdomo kwa upole, kama mama anayemnyamazisha mtoto, huku yeye akipiga kioo kwa viganja na macho yakimtoka, na Mhandisi akivuta kitasa ambacho kilikuwa baridi kama chuma cha mochari, akivuta, akiita, mpaka akakumbuka spana mezani, akavunja kioo.

Bi Afya hakuwa amesogea hata hatua.

Profesa alitolewa midomo ikiwa ya bluu. Alipopata pumzi, alifungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya kike, ya kusogelewa.

"Nilimwambia," ilisema. "Nilimwambia hewa inarudi."

Mhandisi alihisi nywele zikimsimama. Lakini alikuwa ameuona moshi kwa macho yake, na ule mzunguko sasa aliuelewa. Feni aliyoiunda haikuwa ikifukuza ugonjwa. Ilikuwa ikiushusha juu ya mtu wa mlangoni.

Hospitali walipiga picha ya mapafu, yakaonekana safi kabisa. Profesa akarudishwa nyumbani, amelala, akizungumza kwa sauti isiyo yake. Mkewe akamshika Mhandisi mkono. "Shemeji, mimi sijasoma mambo yenu. Niletee mtu yeyote atakayemsaidia."

Mhandisi alimjua mmoja, fundi cherehani jirani yake, mama mnene mwenye miwani, ambaye watu walimfuata kwa mambo ya majini baada ya kazi. Alikuja jioni mapema, sindano zikiwa bado zimechomekwa kwenye kola. Bi Afya naye alikuwepo, amekaa pembeni.

Mganga aliweka sikio kifuani kwa Profesa. Akasikiliza kwa muda mrefu. Alipoinuka alivua miwani.

"Huyu jini hakuja mwenyewe," akanong'ona. "Ameitwa. Na aliyemwita yumo humu ndani."

Mke wa Profesa akamtazama Mhandisi. Mhandisi akatazama sakafu.

"Ni mimi," Bi Afya akasema.

Akaweka mkoba wake sakafuni.

"Mwanangu aliniambia akiwa kitandani, mwisho mwisho. 'Mama mdogo, nilimwonyesha Profesa hesabu. Akasema tusubiri kwanza tutangaze matokeo, nisimwaibishe.' Akaendelea kwenda wodini kwa sababu alimwamini. Nilikwenda mbali kumtafuta anayeita. Nikaitiwa."

"Kwa hiyo huyo ni Kisauti?" Mhandisi akauliza kwa shida.

"Marehemu amelala zake," mganga akasema. "Huyu ameazima sauti yake tu." Akamgeukia Bi Afya. "Kumtoa kunataka mambo mawili. Huyu baba aseme alichofanya, kwa mdomo wake. Halafu wewe umwambie jini aende zake, kwa moyo mweupe. Ukisema kwa midomo tu atajua."

Mhandisi alitoa simu, akampigia mmoja wa wakuu wa hospitali zilizosubiri feni, akaishika mbele ya kinywa cha Profesa. Mganga akaanza kusoma polepole, kiganja kwenye koo la mgonjwa. Profesa alijikunja, jasho likamtiririka, na maneno yakaanza kutoka moja moja. Kwamba feni ina kasoro. Kwamba alijua. Kwamba aliyeigundua alimwambia mapema, naye akamnyamazisha, akamwacha akae palepale. Kila neno lilitoka zito kidogo kuliko lililotangulia, hadi mwishoni alikuwa akilia kwa sauti yake mwenyewe.

"Sasa wewe, dada," mganga akasema.

Mke wa Profesa alipiga magoti mbele ya Bi Afya. "Nakuomba. Amesema kila kitu."

"Nami nilimwomba mwanangu asiende wodini, siku alipoanza kukohoa," Bi Afya akasema. "Akaniambia Profesa anamtegemea." Akasimama, akachukua mkoba wake. "Sina moyo mweupe. Siwezi kuuigiza."

"Dada, sikiliza," mganga akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Kazi aliyoitiwa imekwisha. Usipomuaga vizuri, hatarudi alikotoka. Atataka pa kukaa, na atakaa kwako."

"Kwangu kuna chumba kitupu."

Alisogea kitandani, akamwinamia Profesa sikioni, lakini wote walisikia. "Utapumua. Utafundisha. Siku utakayosahau jina la mwanangu, nitamfungulia huyu mlango aje akukumbushe."

Kisha akanyoosha mkono hewani, juu ya kifua cha mgonjwa, kama mtu anayemsaidia mwingine kuamka. Harufu ya mafuta ya nywele ilijaa chumbani, halafu ikatoka yote kwa pamoja kupitia mlangoni. Profesa alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu mchana ule.

Mhandisi aliwahi dirishani. Bi Afya alikuwa akishuka njia ya bustani peke yake, ameelekeza kichwa kando, akisikiliza. Alikuwa mwanamke wa mwendo wa haraka siku zote. Jioni ile alitembea taratibu, akisimama kila baada ya hatua chache, kama anayemsubiri mwenzake apumzike.