Kinu Kwanza, Mashine Baadaye

Kila asubuhi fundi cherehani alimfunga mumewe vifungo vya shati, kisha akamwekea kikombe cha kahawa ya kopo. Mumewe alionja kidogo, akakisukuma kando. Hakulalamika. Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia, alikuwa mtu wa maneno machache. Zamani alikuwa mhudumu wa mkahawa, na espreso nzito ya asubuhi ndiyo iliyomfungua mdomo. Sasa ngazi zilimshinda, na mkahawa ukawa mbali.

Mkewe alishona sare za shule msimu mzima, akijiwekea akiba. Siku ya kwenda dukani alimpitia jirani yake wa chini, mtengenezaji kahawa wa hotelini.

"Nisindikize, mdogo wangu. Nimeona mashine ya espreso ina mataa kama ukumbi wa harusi."

Kweli, huko dukani iling'aa. Jirani akauliza, "Na buni utasagia nini?"

"Si nitanunua iliyosagwa?"

"Hapo ndipo watu wanapoliwa pesa, dada. Espreso inataka buni iliyosagwa muda huohuo, tena laini. Ikiwa chengachenga, maji yanapita mbio, unakunywa majimaji. Ikiwa laini mno, inatoka kwa tabu, chungu. Tenga pesa ya kinu kwanza. Itakayobaki ndiyo ya mashine."

Akamwonyesha vinu viwili. "Hiki cha visu kinakatakata tu. Punje moja unga, nyingine kokoto. Hiki kina meno ya chuma, kinasaga sawasawa, na pete hii inapanga ulaini. Cha umeme cha namna hii ni ghali. Cha mkono kinatosha kabisa."

Wakachukua kinu cha mkono, na mashine ndogo isiyo na madoido. Kabla ya kulipa, jirani alihakikisha kwamba mipira yake ya kuzibia na vichujio vya akiba vinapatikana.

Kesho yake kahawa ya kwanza ikatoka mbio kama maji ya bomba. Fundi cherehani akaketi, amekata tamaa.

"Kaza pete kidogo," mumewe akasema.

Akageuka kumtazama. Hakukumbuka mara ya mwisho mumewe alipomwelekeza jambo. Akakaza, lakini sasa mpini ulikuwa mgumu na kinu kikamteleza. Mumewe akavuta kiti, akakibana kinu kwa magoti, akauweka mkono wake mlegevu juu ya mkono wa mkewe. Wakazungusha pamoja, polepole, wakicheka kila mpini ulipokwama.

Safari hii kahawa ilishuka taratibu, nyembamba kama uzi, na povu la rangi ya asali. Mumewe akaonja, akafumba macho.

"Hii ningempelekea mteja bila woga," alisema. "Mwite jirani. Niwasimulie kisa cha yule bwana aliyelipa, akaondoka, akamsahau mkewe mezani."

"Hicho kisa hujawahi kuniambia."

"Nilikuwa sijanywa kahawa."

Mkewe akaenda kumwita jirani. Asubuhi hiyo cherehani ilichelewa sana kuanza.