Sumu ya kwa Jirani

Kila asubuhi kabla ya shule, Sonia alikwenda bombani na bidoni zake mbili za maji, akapanga foleni na watoto wenzake wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Zamani alikuwa akisimama na Doriane, binti wa jirani yao Mrundi, wakipiga soga hadi zamu yao ifike. Muhula huu aliacha. Akimwona Doriane anakuja, aliinama na kujifanya anafunga kamba za viatu, hata siku alizovaa kandambili.

Sababu ilikuwa baba yake, Elisée. Alikuwa fundi wa kujenga, mtu wa kazi na mzaha. Mwaka uliopita alianguka kutoka kwenye jengo huko Kakoba, mjini Mbarara, akaumia mgongo, akapewa vidonge vikali vya maumivu. Mgongo ulipona, lakini baba hakurudi kuwa yule wa zamani. Alisinzia na tonge mkononi, akajikuna mashavu. Siku nyingine alitetemeka, akatokwa jasho na kumgombeza kila mtu. Kazi ikamshinda. Sonia aliogopa sana kwamba baba yake atakufa.

Mama yake, Perpétue, alishaamua kisa ni nini. Kwao Kivu ya Kusini, mtu akidhoofika polepole, watu hunong'ona neno moja: karuho, yaani sumu ya kutiliwa kwenye chakula.

"Papa yako anakunywaka chai kwa ule Mama Doriane," alisema. "Anatokaka kule na usingizi mingi. Usikule kitu ya fasi ile. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama."

Basi Sonia akaanza kumchunguza Mama Doriane. Mama huyo akicheka, Sonia aliona anaficha jambo. Akinyamaza, aliona anapanga jingine. Siku alipowaletea maharage, Perpétue alishukuru kwa tabasamu tamu, kisha akayamwaga shimoni.

Jumamosi moja Perpétue alitangaza kwamba Jumatatu watampeleka mgonjwa Endiinzi, kwa mganga anayetapisha sumu kwa dawa kali. Sonia alitaka kupata ushahidi kabla ya safari. Alasiri hiyo, baba yake alipoingia kwa jirani, alijibanza nyuma ya ua wa minyaa.

Mama Doriane alimimina chai ya birika moja katika vikombe viwili, akanywa cha kwake. Elisée hakugusa chake.

"Nipe hata viwili tu," aliomba. "Vile vya ndugu yako Venuste. Najua vilibaki."

"Nilivirudisha hospitalini, Baba Sonia. Na hata vingekuwepo nisingekupa. Venuste naye alianza hivyo hivyo, baada ya ajali ya pikipiki. Mwambie mke wako. Nikimwambia mimi, ataniamini?"

Elisée alitoa mfukoni karatasi ya vidonge, akaibonyeza huku na huku. Ilikuwa tupu. Sonia hakuwahi kumwona baba yake akiomba kitu namna ile. Aliona uchungu, halafu aibu, kwa sababu ya Doriane aliyemkwepa bure.

Angeweza kunyamaza. Akisema, baba angekasirika, na mama hapendi kukosolewa. Lakini kwa mganga baba angenyweshwa dawa kali kwa sumu ambayo haikuwepo. Alikwenda moja kwa moja jikoni.

"Mama, si karuho. Papa anamezaka vidonge."

Perpétue alimkazia macho. "Nani alikutuma? Ule mama?"

"Hapana. Nimesikia Papa mwenyewe anaviomba. Mama Doriane amemunyima."

Mama aliingia chumbani, akafungua mfuko wa vifaa vya ujenzi uliokuwa haujapelekwa kazini kwa miezi. Chini ya mwiko na timazi zilijaa karatasi tupu za vidonge. Alizikusanya zote. Kisha akajifunga kitenge, akaenda kwa jirani.

"Mama Doriane, nilikuzania mubaya. Unisamehe. Sasa nifanye nini?"

"Tusimfokee, na tusimnyang'anye vidonge vyote ghafla," alijibu Ancilla, mama yake Doriane. "Tumpeleke Mbarara, walikomsaidia Venuste."

Elisée alikataa kata kata. Alisema yeye si mlevi, waache kumpeleleza. Sonia akamwambia, "Papa, naogopa utakufa." Hapo baba yake alivaa viatu.

Hospitalini walipokewa na mhudumu aliyeitwa Musawo Kabera, yaani Tabibu Kabera. "Hii ni ugonjwa, si tabia mbaya," alisema. "Hiyo vidonge, ukimeza muda mrefu, inakushika. Tutapunguza pole pole. Na nyinyi watu wa nyumbani pia mmechoka. Kule Nakivale kuna kikundi ya familia. Muende, muongee."

Haikuwa rahisi. Mara moja Elisée alivirudia vidonge, wakaanza upya naye. Lakini muhula ulipokwisha, alikuwa akijenga tena.

Katika kikundi, Perpétue alipitisha vikao vingi akiwatazama wenzake kwa mashaka. Siku aliposimama kusema, alimgeukia Sonia mbele ya wote.

"Mutoto wangu, ukiona mutu unayemupenda anaharibika, usitafute kwanza nani alimuharibu. Tafuta nani anaweza kumusaidia, na useme, hata kama unaogopa. Mimi, mutu mwenye alijua njia alikuwa jirani yangu, na nilikukataza hata kula kwake."