Sisimizi kwenye Mota ya Ushirika

Mota ya drili ilinguruma, ikatetemeka, ikatoa moshi mweusi, kisha kimya. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Juni 1995, katika karakana iliyo ubavuni mwa kiwanda cha pamba mjini Bariadi, na watu waliokuja kushuhudia ufufuo wakajikuta wamehudhuria msiba.

Walikuwepo wafanyakazi wa zamani wa ushirika, waliopunguzwa kazini siku karakana ilipofungwa. Alikuwepo meneja wa kampuni binafsi iliyokinunua kiwanda. Yeye aliahidi kuwapa wenye drili ile kazi ya vipuri vya msimu mzima, mradi aione ikitoboa chuma. Na wenye drili walikuwa watatu: Joakim, fundi wa kusuka mota, Mzee Theonest, aliyekuwa fundi mkuu wa karakana hiyohiyo enzi za ushirika, na Sylvester Mboje, mwenye duka la vifaa, aliyeinunua mnadani wakati kila mtu akiiita chuma chakavu.

Masika yote walikuwa wakihangaika nayo. Waliikwangua kutu, wakalowesha nati kwa mafuta ya taa mpaka zikalegea, wakainyoosha meza yake kwa tupa, wakaifunga mkanda mpya. Mota yake iliyoungua, Joakim aliitoa waya wote wa zamani akaisuka upya kwa shaba mpya. Alhamisi waliiwasha wao watatu tu, ikazunguka vizuri.

Sasa Joakim aliifungua mbele ya watu. Ndani hakukuwa na shaba yake. Kulikuwa na waya mweusi, mkavu, uliojaa vumbi la pamba la miaka.

"Hii si mota yangu," alisema. "Imebadilishwa."

"Na nani?" Sylvester alimkaba shati. "Kufuli halikuvunjwa. Funguo tunazo watatu, na mwenye kujua bei ya shaba ni wewe!"

Mchana huo Joakim alitiwa mahabusu. Meneja alisema atasubiri mpaka Jumatatu jioni. Baada ya hapo kazi yake itakwenda Mwanza.

Kesi ilimwangukia Koplo Evalina, mwanamke aliyekuwa na ugonjwa mmoja usiotibika, nao ni kuuliza. Bibi yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu atamuuliza hata maiti kama amelala vizuri. Wenzake kituoni waliona kesi imekwisha, mwizi yuko ndani, kilichobaki ni chai. Evalina aliona haijaanza.

Jumapili, baada ya misa, alikwenda karakana peke yake. Mota ile ilikuwa bado mezani imefunguliwa. Akainama, akacheka mwenyewe. Msururu wa sisimizi ulipanda mguu wa meza, ukagawanyika mara mbili: kundi moja kwenye beringi ya mbele, jingine kwenye beringi ya nyuma. Kwenye waya hakuna aliyekanyaga. Mbwa wa mlinzi naye alikuwa chini, akilamba kifuniko cha mota kilichoanguka sakafuni.

"Tangu lini chuma kikawa kitoweo?" Evalina alimwuliza mbwa. Mbwa hakujibu, alikuwa na shughuli zake.

Akapitisha kidole kwenye beringi. Kilitoka na mafuta meusi, laini. Akayanusa, akakunja uso, akayafunga kwenye karatasi ya daftari.

Kituoni alimkuta Milembe, mke wa Joakim, na sufuria ya ugali ambayo haikuguswa.

"Mayu, mama yangu, mume wangu si mwizi," Milembe alisema huku akilia waziwazi. "Wakimfunga, nani tena Bariadi hii atampa fundi mwizi mota yake?"

Evalina alimshika bega, kisha akaketi karibu na nondo za mahabusu.

"Joakim, mota ile inayofanana na yako imetoka wapi?"

"Ushirika walikuwa nazo pacha. Kampuni moja, rangi moja ya kijani. Ile nyingine ilitupwa nyuma ya karakana pamoja na machuma mengine. Mvua imeinyeshea miaka."

"Ikinyeshewa hivyo, ingezunguka?"

"Haiwezi. Beringi zinashika kutu."

"Jumamosi uliijaribu kabla ya kuwasha?"

"Kila mara nazungusha kwa mkono kwanza. Ilizunguka laini kabisa, ndiyo maana sikushtuka."

"Wewe beringi zako umeziwekea nini?"

"Grisi ya kopo. Ya njano, kutoka duka la Sylvester. Siku hizi zimejaa, mayu, si kama zamani."

"Nani alijua kwamba lazima utaizungusha kwa mkono?"

Joakim alifikiri. "Wote wawili. Wananitania kila siku. Mzee Theonest ndiye aliyenifundisha ufundi wa mashine, lakini hata yeye alinicheka nilipoanza kuisuka. Aliniambia mota hii alishaipima enzi zake, imekufa, nisipoteze shaba ya watu."

Jioni hiyo Evalina alimfuata Sylvester dukani. Jirani mmoja alikuwa amemwona Ijumaa magharibi akipakia mzigo mzito uliofungwa gunia kwenye pikapu yake.

"Gunia lilikuwa na nini?"

"Mzigo wa biashara."

"Wa biashara gani?"

"Koplo, kuna mambo ya mwanaume."

"Nitaandika kwamba umekataa kujibu?"

Sylvester alitazama mlango wa nyuma, mkewe alikokuwa akipanga misumari, akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono. "Sangara. Kutoka Lamadi. Niliwapelekea wakwe."

"Wakwe zako si wako hapa mjini?"

"Wakwe... wengine."

Evalina alikwenda kuikagua pikapu. Ilinuka samaki kiasi kwamba paka wawili walikuwa wamehamia humo. Akamwacha na siri yake. Ile haikuwa kesi ya polisi, na adhabu yake ingekuja yenyewe.

Jumatatu asubuhi alikuwa barabara ya Dutwa, kwa Mzee Theonest. Mzee alikuwa uani, anatengeneza mkokoteni wa ng'ombe.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Karibu. Umekuja kuniuliza habari za yule kijana? Inaniuma. Tamaa mbaya."

Evalina alikaa kwenye kigoda. Mbwa wa mzee alikuwa ameweka pua kwenye ekseli ya mkokoteni, analamba kwa bidii, mpaka mzee akamfukuza kwa teke.

"Anapenda nini hapo, baba?"

Theonest akatabasamu, kiburi cha fundi kikampanda, akainua kibuyu kilichokuwa kando yake. "Mafuta ya ng'ombe. Unayayeyusha, unachanganya na masizi ya chungu, yanakuwa mazito. Nyinyi mmezaliwa na makopo. Zile enzi za kukosa hata sabuni, unadhani kiwanda kile kilizunguka kwa nini? Kwa hiki kibuyu! Wakubwa walitaka kukifunga, nikawaambia niachieni mimi."

"Uliwafundisha wengine?"

"Dawa haigawiwi ovyo. Nilichanganya mwenyewe."

"Wabeja, baba," Evalina alishukuru, akasimama. "Mchana njoo karakana. Tunaifunga kesi."

Saa nane karakana ilijaa. Joakim aliletwa amefungwa pingu. Sylvester alisimama mbali na mkewe. Wafanyakazi wa zamani walikaa kwenye marobota ya pamba, mbele yao Januarius, aliyekuwa msaidizi wa Theonest na ambaye tangu apunguzwe alikuwa akibeba mizigo stendi.

Evalina aliweka mezani vitu viwili: kopo la grisi ya njano la Joakim, na karatasi yake yenye mafuta meusi.

"Aliyebadilisha mota alijua Joakim ataizungusha kwa mkono. Kwa hiyo ile pacha yenye kutu ilibidi ilainishwe. Angetumia grisi ya kopo, nisingejua lolote. Lakini mkono una mazoea yake." Akasukuma karatasi mbele. "Sisimizi hawali grisi ya dukani. Wanakula mafuta ya ng'ombe. Nuseni. Yana masizi ya chungu."

Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Januarius aliinusa, akainua macho polepole. Hakumtazama Evalina.

"Hii ni ya kibuyu," alisema. "Hii ni yako, Mzee."

"Mikokoteni yote Bariadi inapakwa mafuta," Theonest akasema.

"Yenye ufunguo wa hapa?" Evalina aliuliza. "Sylvester ana pikapu, Joakim ana baiskeli; mwenye mkokoteni ni wewe. Na asubuhi, baba, umeniambia kwamba unachanganya mwenyewe. Mota ya Joakim iko wapi?"

Mzee aliketi kwenye robota.

"Ghalani. Chini ya mahindi."

"Uliitakia shaba?"

"Shaba!" Theonest alitema neno hilo. "Sijauza hata uzi. Alhamisi iliponguruma hapa sikulala. Ilipoungua zile enzi, wakubwa waliniuliza: inasukika? Mimi sikujua kusuka. Fundi mkuu mzima! Nikaona aibu. Nikawaambia imekufa, hata Mwanza hawaiwezi. Wakasema karakana isiyo na drili ina faida gani, wakaifunga. Na nyinyi mkaenda nyumbani." Hakuthubutu kuwatazama waliokaa kwenye marobota. "Kama Jumamosi ingezunguka mbele yenu, mngejua kwamba nilidanganya."

"Na Joakim afungwe kwa ajili ya aibu yako?" Milembe alipiga kelele kutoka mlangoni.

Mzee alimnyooshea Evalina mikono.

Pingu zilihama mkono. Kabla ya saa kumi mota ililetwa, ikiwa na chembe za mahindi kwenye mapezi yake ya kupozea. Meneja aliitwa. Joakim aliifunga, akavisha puli mkanda, akaizungusha kwa mkono, mara hii akanusa na beringi, watu wakacheka.

"Koplo," Theonest alisema kwa sauti ndogo, "niisikie kwanza ndipo twende."

Evalina alimruhusu. Joakim alibana kipande cha chuma kwenye jiliwa, akabonyeza swichi, akavuta mkono wa drili chini. Chuma kikatoboka, kikimwaga nyuzi za kung'aa mezani. Meneja aliokota kipande, akachungulia tundu, akampa Joakim mkono.

Januarius alitembea mpaka alipokuwa mzee. Wengi walidhani atampiga. Akasimama tu mbele yake.

"Mzee, ungesema tu kwamba hujui," alisema. "Tungemtafuta anayejua."

Theonest aliinamisha kichwa akalia mbele ya watu. Evalina alimshika mkono kumwongoza nje. Njia nzima mpaka kituoni hakumwuliza swali hata moja.