Shaba Iliyoachwa Chini ya Mnara

Redio ilikatika wakati mama yake Arlys Vondra anauza friza.

Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, mwezi wa Julai, na kipindi cha soko la wasikilizaji, ambapo watu hupiga simu redioni kuuza vitu vyao, kilikuwa kimepamba moto. "Haina hata mkwaruzo, Gail," mama alikuwa anamwambia mtangazaji kwenye simu, "na bei yake ni..." Kimya. Arlys, naibu sherifu wa mji wa Havlik, Nebraska, alibaki na kipande cha andazi la kolache mdomoni, akaipiga redio ya gari makofi mawili. Wapi!

Nusu saa baadaye alikuwa amesimama chini ya mnara, katikati ya mahindi, ukungu bado haujainuka. Mlango wa kibanda cha mtambo ulikuwa wazi na kufuli lake zima. Swichi kubwa ya umeme ilikuwa imezimwa, na taa nyekundu kule kileleni imezimika nayo. Waya nene ya shaba inayoingia mnarani ilikuwa imekatwa, na kipande kilichokatwa kimelala kwenye nyasi. Hicho ndicho kilichomchanganya. Mwizi gani anahangaika kukata shaba halafu anaiacha?

Mwenye mnara, Delmar Kratochvil, mzee wa miaka sabini na kitu, ndiye aliyemwita, na alikuwa ameshafika, kofia mkononi. Enzi zake kampuni yake ilikuwa na vituo kumi na vinne katika majimbo matatu. Akauza kimoja kulipia deni la kingine, akauza tena, akauza tena, mpaka kikabaki hiki. Nacho kilikuwa kikabidhiwe Ijumaa kwa kampuni moja ya mbali, ambayo ingerusha vipindi vyake kutoka hukohuko na kufunga studio ya Havlik.

"Ulikuwa wapi, mzee wangu?"

"Kitandani, binti. Redio iliponyamaza Gail akanipigia. Hapohapo nikawapigia watu wa usalama wa ndege kwamba taa imezimika, maana ndiyo sheria. Halafu nikaja."

"Na mauzo je?"

"Mkataba unasema mhalifu akiharibu mnara kabla ya makabidhiano, hakuna mauzo wala faini. Kila mtu ashike hamsini zake."

Arlys alijikuna kichwa. Kwa wizi wa shaba, Havlik nzima ilikuwa inamjua mtu mmoja tu, Rodney Pokorny, aliyewahi kuvua nyaya za mashine za umwagiliaji shamba zima. Akamkuta nje ya ofisi ya sherifu, anawasha gari lake bovu, nyuma limejaa shaba.

"Afande, unanionea! Hii ni ya majokofu mabovu. Muulize shangazi yangu."

"Usiku ulilala wapi?"

"Kwenu! Mwenzako alinisweka selo jana jioni kwa ulevi. Ndiyo kwanza natoka, hata chai hamkunipa."

Arlys akajiona mjinga. Rodney naye, alivyo na mdomo, hakumwachia. "Halafu mimi niuguse mnara ule? Redio ikiwa hewani, ukiugusa tu unakuunguza. Aliyekata alijua swichi ilipo. Kufuli lilivunjwa?"

"Halikuvunjwa."

"Sasa mnanitafutia nini? Mimi huwa navunja!"

Basi ni mtu wa ndani. Arlys akaenda studio kwa Gail Hruska, mtangazaji wa asubuhi, aliyekuwa apoteze kazi Ijumaa. Sababu alikuwa nayo tele. Ila wakati redio inakatika alikuwa anaongea na mama yake Arlys, moja kwa moja, maili kumi kutoka mnarani.

"Ungeweza kumtuma mtu," Arlys alimwambia.

"Nimtume nani, Arlys? Na kwa funguo ipi? Mimi sina, ila kila fundi aliyewahi kupita hapa ana yake." Gail akafuta macho kwa kiganja. "Miaka ishirini natangaza misiba ya mji huu. Na kinachoniuma, wiki iliyopita ushirika wa wakulima umekubali kutupa matangazo yao ya miaka mitatu. Tungeweza kujitegemea! Lakini Delmar alishasaini. Akijitoa sasa, faini inakwenda na nyumba yake."

Arlys alitoka pale kichwa kinamzunguka. Wenye sababu hawakuwepo mnarani, na aliyekuwa na ujuzi wa wizi alikuwa selo. Akabakiwa na rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, Clint Sedlacek, ambaye huwa anapita juu ya mahindi yale kila alfajiri. Huenda aliona gari.

"Gari sikuona," Clint alisema, anaosha matangi ya dawa. "Ila kuna kitu kilinivuruga. Kabla sijaruka saa kumi na mbili nilisoma taarifa za marubani: taa ya mnara wa redio imezimika. Napita pale, taa hiyo inawaka! Nikasema watu hawa wamechanganyikiwa. Niliporudi na mzigo wa pili ndipo nikakuta taa haipo, ukungu mtupu."

"Rudia hapo kwenye taarifa."

Akarudia, mpaka alivyopita pale safari ya pili. Arlys aliondoka bila kuaga.

Delmar alikuwa jikoni kwake, kahawa imepoa mbele yake. Arlys alivuta kiti.

"Mzee, uliniambia uliwapigia watu wa ndege baada ya Gail kukupigia. Clint aliisoma taarifa yako karibu saa nzima kabla redio haijanyamaza. Taa ilikuwa bado inawaka. Nani anaripoti taa iliyozimika wakati inawaka?"

Mzee aligeuza kikombe, akakirudisha.

"Nilisaini nimekata tamaa," alisema. "Watoto wako Denver, wananiambia uza, baba, umri umekwenda. Wiki tatu baadaye ushirika ukaja. Kituo kimoja kingeweza kuishi, Arlys! Misiba, soko, mechi za shule. Vituo kumi na vitatu nimeviuza, nikashindwa kuuza hiki."

"Waya ni yako, kuikata si kosa. Kosa ni kuniita nije nitafute mwizi. Nikiandika mwizi hakupatikana, redio inabaki. Nikiandika ukweli, Ijumaa wanakuja kuchukua." Arlys akasogeza kiti karibu. "Ungenyamaza tu na hiyo simu nisingekupata kamwe. Kwa nini ulipiga?"

Delmar alimwangalia kana kwamba Arlys ndiye aliyechanganyikiwa.

"Clint angekuwa angani, binti. Na mimi nakwenda kuzima taa. Ulitaka nifanyeje?"

Ndipo Arlys akakumbuka jambo ambalo mzee huyu hakuwa analijua.

"Anasema mara ya pili alipita juu sana, kwa sababu ya taarifa tu. Mnara hakuuona kabisa."

"Asingepata taarifa?"

"Angeugonga."

Mzee alifumba macho kidogo. Kisha akainuka, akavaa kofia, akachukua funguo za gari.

"Basi andika," alisema. "Andika yote. Ila Gail nitamwambia mwenyewe."